Kizingiti cha Moja kwa Ishirini

Mto Tana ukifurika, maji yakatuama kwenye mabonde ya Garsen, watu hawangoji tangazo la wizara ili wajue kinachofuata. Watakuja mbu, itakuja homa, na kwa watoto wachache wasio na bahati, malaria itapanda kichwani. Mtoto hukakamaa, macho yakapinduka, kisha hulala usingizi ambao haamki hata akiitwa kwa jina. Zahanatini muuguzi humchoma kidole, hutia tone la damu kwenye kipimo cha haraka, na wakati wanangoja ule mstari wa pili, humwuliza mama: "Degedege limempata mara ngapi tangu usiku?"

Kila anachofanya muuguzi baada ya hapo kimetoka kwenye utafiti wa mahali fulani: sindano ipi itangulie, dripu iende kasi gani, degedege litulizwe kwa dawa ipi. Kulikuwa na watoto wangapi sijui, wakagawanywa makundi, na mwishowe mtu akaamua kwamba tofauti aliyoiona kati ya kundi na kundi haikuwa bahati nasibu. Uamuzi huo wa mwisho unafanywaje, na kwa nini mara nyingi hauwezi kusimama mwenyewe? Nalichukulia swali hili upande wa ubongo kwa sababu mbili. Sayansi ya picha za ubongo imeumbuka kwa jambo hili kuliko nyingi nyingine, na pwani yetu ya Kenya, katika kuhangaikia ubongo wa mtoto mwenye malaria, imepata mafunzo ambayo maabara tajiri zimechelewa kuyapata.

Kwa karibu miaka 100 uamuzi huo umeegemea namba moja, 0.05. Mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, aliandika mwaka 1925 kwamba moja kwa ishirini ni mpaka unaofaa. Aliuchagua kwa urahisi wa kazi, haukushuka kutoka popote. Maana yake hupotoshwa hata na wenye shahada, basi niiseme polepole. Chukulia kwamba dawa haina kazi yoyote. Hata hivyo makundi mawili ya wagonjwa hayatalingana sawasawa. Moja litapoteza watu wachache kuliko jingine kwa bahati tu. Thamani ya p inajibu swali hili: dawa ikiwa kweli haina kazi, ni mara ngapi katika mia tungepata tofauti kubwa kama hii au kuizidi? Zikiwa chini ya tano, desturi inasema matokeo yana umuhimu wa kitakwimu, na makala inachapishwa. Namba hiyo haisemi kwamba dawa ina uwezekano wa asilimia 95 wa kufanya kazi. Haisemi tofauti ni kubwa. Wala haiahidi kwamba mwingine akirudia utafiti ule ataona alichoona wa kwanza.

Sasa tazama kinachotokea mpaka huo ukipelekwa ndani ya mashine ya MRI. Mashine inayochunguza ubongo ukiwa kazini haipigi picha ya mawazo. Inapima mabadiliko madogo ya oksijeni kwenye damu, na picha yake hukatwa vipande vidogo vya umbo la mchemraba, makumi ya maelfu. Kila kipande kinaulizwa swali lake: umebadilika au hukubadilika? Vipande 50,000 visivyofanya lolote, vikipimwa kwa 0.05, vitatoa 2,500 hivi vinavyoonekana vimewaka. Ni kama hivi: pita kila kijiji kuanzia Garsen hadi Kipini ukiuliza nani aliota mafuriko kabla maji hayajafika. Hutarudi bila mwotaji, na ukimwandika huyo peke yake gazetini, utakuwa umegundua nabii.

Mwaka 2009 Mmarekani Craig Bennett na wenzake waliweka mashineni samaki aina ya salmoni, mfu kabisa, wakamwonyesha picha za binadamu na "kumwuliza" watu wale wana hisia gani. (Huku kwetu angekuwa kambale.) Walitumia kizingiti kikali kuliko cha Fisher, 0.001, lakini bila kusahihisha kwa wingi wa maswali yaliyoulizwa. Vipande kadhaa vya ubongo wa samaki viliwaka. Waliposahihisha, vyote vikazimika. Watu walicheka, na mwaka 2012 wakapewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel, ila kicheko kile kilikuwa na uchungu, maana tafiti zisizofanya masahihisho hayo zilikuwa zimejaa kwenye majarida.

Pigo zito lilikuja mwaka 2016. Anders Eklund wa Chuo Kikuu cha Linköping, Sweden, akiwa na Thomas Nichols na Hans Knutsson, alichukua picha za watu 499 wenye afya waliolala tu mashineni bila kupewa kazi. Wakawagawanya makundi ya kubahatisha na kuyalinganisha karibu mara milioni tatu, kwa programu tatu zinazotumiwa na karibu kila maabara. Kwa kuwa hapakuwa na tofauti yoyote ya kweli, makosa yalipaswa kuwa asilimia 5. Katika baadhi ya mipangilio yalifika asilimia 70. Programu zile zilidhani kwamba jinsi kipande kinavyofanana na jirani yake hupungua kwa umbo fulani la hesabu. Ubongo halisi haulifuati umbo hilo. Mojawapo ya programu ilikuwa pia na kosa la uandishi lililokaa ndani yake miaka 15. Habari zikaenea kwamba makala 40,000 zimebatilika, na waandishi wenyewe ikabidi wairekebishe kauli hiyo. Hata mkosoaji wa tarakimu zilizovimba huweza kuponzwa na tarakimu iliyovimba.

Masahihisho ya hesabu yanatibu ugonjwa mmoja tu. Wa pili ni uchache wa watu. Mwaka 2013 Katherine Button na wenzake walikadiria kwamba tafiti za picha za ubongo walizozipitia zilikuwa na nguvu ya wastani ya asilimia 8, yaani hata pale ambapo jambo la kweli lipo, utafiti wa kawaida ungelikosa zaidi ya mara tisa katika kumi. Mwaka 2022 kundi lililoongozwa na Scott Marek lilikusanya takwimu za watu karibu 50,000 kutoka hazina tatu kubwa, likatafuta uhusiano kati ya sura ya ubongo na tabia au akili ya mtu. Uhusiano upo, lakini ni hafifu mno, na hautokei kwa uhakika mpaka upime maelfu ya watu. Utafiti wa kawaida wa aina hiyo ulikuwa na watu 25 hivi.

Hapa ndipo wasomaji wengi hukosea, nami sioni aibu kurudia. Ukiwa na watu wachache, athari ndogo haiwezi kuvuka kizingiti ila bahati ikiisukuma. Kwa hiyo athari zinazovuka na kuchapishwa ni zile zilizovimbishwa na bahati. Utafiti mdogo wenye p nzuri una mawili ya kuogopewa: huenda hakuna kitu, na kama kipo, karibu hakika ni kidogo kuliko kilivyoandikwa. Lipo na la tatu, mkono wa mchambuzi. Makundi 70 ya wataalamu yalipewa picha zilezile za watu 108 na dhana zilezile tisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Hakuna makundi mawili yaliyofuata njia moja ya uchambuzi, na kwa zaidi ya nusu ya dhana hizo hayakukubaliana kama zimevuka kizingiti.

Turudi pwani. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilianza Kilifi mwaka 1989, zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Garsen, na malaria ya ubongo ilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo. Mwaka 1994 Charles Newton na wenzake walichapisha picha za CT za watoto 14 waliokuwa wamepoteza fahamu kwa malaria hiyo. Sita kati yao ubongo ulikuwa umevimba. Watoto 14! Kwa vipimo nilivyotaja hapo juu ungesema hii ni takataka. Lakini Newton hakudai kuvuka mpaka wowote. Alieleza alichokiona, na swali likabaki wazi: uvimbe huu ndio unaoua, au ni kivuli tu cha ugonjwa?

Jibu lilitoka Blantyre, Malawi, mwaka 2015, kwa mashine ya MRI yenye sumaku dhaifu ya tesla 0.35, wakati hospitali kubwa za nchi tajiri hutumia 1.5 au 3. Karl Seydel, Terrie Taylor na wenzao walipiga picha watoto 168. Walikufa 25, na 21 kati ya hao walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo walipolazwa, yaani asilimia 84. Kati ya 143 waliopona, wenye uvimbe wa namna hiyo walikuwa 39, asilimia 27. Mashine duni, watoto chini ya mia mbili, na bado matokeo yana uzito ambao tafiti nyingi za mashine ghali hazina. Uvimbe huo si tofauti ya kunyofoa kwa hesabu kutoka vipande elfu hamsini; mtaalamu wa picha anauona kwa macho na kuupa daraja. Swali lilikuwa moja, na lilikuwa limengoja tangu enzi za CT ya Kilifi.

Zaidi ya hayo, Blantyre walikuwa wamehakikisha kwanza kwamba wagonjwa wao ni wagonjwa wa ugonjwa huo. Mwaka 2004 Taylor na wenzake walichapisha uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliokufa wakiwa na dalili zote za malaria ya ubongo. Saba walikuwa wameuawa na kitu kingine. Mahali penye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na vimelea damuni huku kinachomuua ni nimonia. Kipimo cha zahanati kitaonyesha mistari miwili na kila mtu ataridhika. Kilichowatenganisha watoto wale ni alama kwenye retina, nyuma ya jicho. Tangu hapo watafiti makini humulika jicho kabla ya kumhesabu mtoto. Karibu robo ya kundi lako ikiwa na ugonjwa mwingine, hata p ya 0.0001 haitakuokoa.

Sasa kisa ninachokiona kikubwa kuliko vyote. Mwaka 2005 Kathryn Maitland na wenzake, hapo hapo Kilifi, walichapisha jaribio la watoto wenye malaria kali ambao damu yao ilikuwa imejaa asidi. Kundi moja liliongezewa maji ya chumvi mshipani, jingine albumini, protini ya damu ambayo bei yake ni mara nyingi zaidi. Waliopewa maji ya chumvi walikufa 11 kati ya 61. Waliopewa albumini walikufa wawili kati ya 56. Thamani ya p ilikuwa 0.013, na kwa watoto waliokuwa wamepoteza fahamu tofauti ilionekana kubwa zaidi. Daktari gani angesoma hayo asitamani albumini wodini kwake? Lakini fanya hesabu hii mwenyewe: kama upande wa albumini wangekufa wanne badala ya wawili, p ingepanda hadi karibu 0.08 na makala ingesema hakuna tofauti. Dunia nzima ya 0.05 ilining'inia kwenye roho za watoto wawili.

Cha kuwasifia watafiti wale ni kwamba waliuita ushahidi wao wa awali, kisha wakaenda kuujaribu. Jaribio hilo kubwa, lililoitwa FEAST, lilifanyika katika hospitali sita: Kilifi kwa Kenya, Muheza kwa Tanzania, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor kwa Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko mbaya wa damu waligawanywa kwa kura makundi matatu: albumini ya haraka, maji ya chumvi ya haraka, au kutokuongezewa maji ya haraka kabisa. Hilo kundi la tatu ndilo wengi waliloliona karibu kama dhambi, kwa kuwa vitabu vya tiba vilisema wazi kwamba mtoto wa namna hiyo afunguliwe dripu kwa kasi. Januari 2011 kamati ya usalama ililisimamisha jaribio kabla halijafikisha idadi iliyopangwa. Ndani ya saa 48 walikuwa wamekufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya ambao hawakufunguliwa dripu ya kasi. Ubora wa albumini uliyeyuka, na swali ambalo wengi hawakuliuliza likapata jibu: maji ya haraka yenyewe yalikuwa yakiua.

Utafiti ukirudiwa, basi, unaweza kuzaa zaidi ya ndiyo au hapana, mradi anayerudia athubutu kuweka kundi ambalo desturi inalikataa. Lau FEAST ingelinganisha albumini na maji ya chumvi peke yake, tungesoma kwamba vyote ni sawa, na dripu za kasi zingeendelea Hola, Malindi na kwingineko.

Kisa cha pili cha Kilifi kinahusu degedege lenyewe. Mwaka 1988 utafiti mdogo wa Thailand ulikuwa umeonyesha kwamba sindano moja ya fenobabitoni huzuia degedege kwa wenye malaria ya ubongo. Jane Crawley na wenzake wakaijaribu Kilifi kwa watoto 340, dozi ikiwa kubwa zaidi, na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Degedege lilipungua kweli: waliopatwa mara tatu au zaidi walikuwa 18 upande wa dawa na 46 upande wa sindano isiyo na dawa. Thailand imethibitishwa, ungesema. Ila vifo viliongezeka maradufu, 30 kwa 14. Dawa iliyotuliza viungo ilituliza na pumzi, na wodi haikuwa na mashine za kupumulia. Anayeridhika na kizingiti kwenye kipimo alichokichagua huenda hatazami kaburi. Ndani ya utafiti huohuo, kwa watoto waliopata fenobabitoni pamoja na dozi tatu au zaidi za diazepamu, hatari ya kufa ilikadiriwa mara 31.7, lakini mipaka ya makadirio ilikuwa kati ya 1.2 na 814. Hiyo imevuka 0.05, na hapo hapo inakuambia kwamba ukubwa halisi wa hatari haujulikani kabisa.

Tukiwa na visa hivi viwili mkononi, tunaweza kuupima mjadala mkubwa wa miaka ya karibuni. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko la kuonya dhidi ya matumizi mabaya ya p. Mwaka 2018 wataalamu zaidi ya 70 wakapendekeza, kwa madai ya ugunduzi mpya, mpaka ushushwe hadi 0.005. Mwaka 2019 wengine zaidi ya 800 wakatia saini wito wa kuliacha kabisa neno umuhimu wa kitakwimu. Mimi siegemei upande wa 0.005. Ni kweli ungeizuia albumini ya mwaka 2005, yenye 0.013. Lakini vile vifo 30 kwa 14 vya fenobabitoni, kwa hesabu ya kawaida, vina p ya karibu 0.01, mpaka huohuo ungeviita si kitu, na onyo lingepotea. Mpaka mmoja hauwezi kutumika kwa tumaini na kwa hatari, maana gharama ya kukosea haifanani. Kuamini kwa makosa kwamba dawa ya bei ghali inaponya hupoteza fedha na muda. Kupuuza kwa makosa dalili kwamba dawa inaua ni jambo la aina nyingine.

Na kuna upande wa pili ambao wapenda kizingiti huusahau. Jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa, Kilifi, mwaka 1996, lilionyesha vifo vya watoto kupungua kwa asilimia 33, mipaka ya makadirio ikiwa kati ya 7 na 51. Majaribio kama hayo yalifanyika Gambia, Ghana na Burkina Faso. Lile la Burkina Faso, lililotumia mapazia yaliyotiwa dawa badala ya vyandarua, lilipata upungufu wa asilimia 15 hivi na halikuvuka 0.05. Je, kinga hii ilishindwa Burkina? Hapana. Jibu lake linaangukia ndani ya mipaka ya Kilifi, linaelekea upande uleule, na majaribio yote yakijumlishwa yanatoa upungufu wa takriban asilimia 17. Anayehesabu ushindi na kushindwa angesema utafiti wa Burkina umeupinga wa Kilifi. Anayetazama ukubwa na mipaka anaona umeurekebisha: faida ipo, ila ni ndogo kuliko ilivyoonekana Kilifi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa madhara yanayobaki baada ya malaria ya ubongo: Kilifi mwaka 2005, na Kampala miaka michache baadaye, kwa vipimo tofauti na watafiti tofauti, zote ziliona takriban robo ya watoto waliopona wakiwa na upungufu fulani wa akili au lugha. Makubaliano hayo ya miji miwili nayaamini kuliko nyota tatu za umuhimu wa kitakwimu zilizobandikwa pembeni mwa p kwenye jedwali.

Swali linalobaki ni kama robo hiyo ni robo ya Garsen pia. Eneo la Kilifi linalofuatiliwa nyumba kwa nyumba tangu mwaka 2000 ni kilomita za mraba 891. Kaunti ya Tana River ina zaidi ya 35,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 ndani yake: Wapokomo wakulima kandokando ya mto, Waorma na Wawardei wanaohama na mifugo, na wengine. Ugonjwa wao huja na mafuriko, na mafuriko hayohayo hukata barabara. Mtoto wa huku anayefika hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo amekwisha kuchujwa na gharama ya gari, hali ya njia na saa ambazo degedege lilimwachia. Utafiti wa waliofika utaonyesha uzito wa ugonjwa kuwa mdogo kuliko ulivyo bila yeyote kukosea hesabu, na kurudiwa kwake katika hospitali ileile kutarudia upungufu uleule kwa uaminifu mkubwa. Siku hizi zipo mashine ndogo za MRI za magurudumu, za tesla 0.064, zinazochomekwa kwenye umeme wa kawaida. Ikija moja Hola au Garsen, kazi ya kwanza si kupiga picha. Ni kuandika kabla ya mtoto wa kwanza swali litakuwa lipi na watoto wangapi wanatosha kulijibu, na kutuma watu vijijini wahesabu wale ambao hawakuwahi kufika.